Mke Yuko Kwenye Muziki

Kahawa ilikuwa imeshamiminwa vikombeni kwenye benchi mbele ya kibanda cha fundi simu, lakini mwenye kibanda hakuwa amegusa kikombe chake. Wenzake humwita Mtandao, kwa kuwa mara nyingi hapatikani. Karibuni alikuwa ameweka kwenye simu yake programu inayompigia mteja muziki akisubiri, ili kibanda cha mbao kisikike kama ofisi ya ghorofani. Asubuhi hiyo mkewe, aliyehamia kwa kaka yake juma lililopita, akapiga. Mtandao alikuwa akiingoja simu hiyo hata usingizi hapati. Alipoipokea, kwa woga kidole kikabonyeza “subiri”. Sasa mama wa watu yuko hewani anasikiliza tarumbeta.

— Mrudie bwana, shemeji asije akakata, alisema Kinyozi, mmoja wa wenzake wa benchi.

— Nimrudie niseme nini? Kwanza alainike.

— Kwa tarumbeta? aliuliza Kocha, ambaye timu yake ilivunjika akabaki na filimbi. Hizo za gwaride. Weka ngoma nzito. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

— Hiyo si ya kusifia, Kocha.

— Mimi naisifia.

Mtandao akaweka ngoma.

— Unamfukuza huyo, alisema Kinyozi. Weka wimbo wa huzuni. Mtu anayelia hadai talaka, pua imeziba.

Mtandao akaweka wa huzuni. Profesa, aliyepata jina hilo kwa miwani tu, akakohoa.

— Wote mnakosea. Weka wimbo usio na mwisho. Simba mwenda pole ndiye mla nyama. Atasikiliza mpaka asahau alichokasirikia, asahau hata kwamba alihama. Jioni miguu yenyewe itamleta kwako.

— Akinisahau na mimi je?

— Utajitambulisha upya. Safari hii ficha tabia.

Wakacheka. Mtandao naye akacheka, maana tabia zake alizijua. Nyumbani mkewe akianza kueleza jambo, yeye huwa na bisibisi mdomoni na simu ya mtu mapajani, na jibu lake ni lile lile: subiri kidogo. Hata muziki hakuwa akimwekea.

Akatokea dada mmoja na simu yenye kioo kilichopasuka.

— Fundi, mbona jasho asubuhi yote hii?

Wakamsimulia wote kwa pamoja: tarumbeta, ngoma, pua. Akawasikiliza hadi mwisho.

— Na yeye amepiga kusema nini?

Kocha akamtazama Kinyozi. Kinyozi akamtazama Profesa. Profesa akavua miwani akaifuta, na ilikuwa safi.

Mtandao akazima muziki.

— Mama watoto, bado upo?

— Nipo.

Akainuka, akaliacha benchi na kahawa yake, akaenda kusimama nyuma ya kibanda.

— Haya, sema. Nakusikiliza.