Siku Seva Ilipokataa Majina Yetu Yote

Sifa kwa Bwana, ndugu zangu! Tena sifa, maana mtu mnayemwona hapa alikuwa amekwisha.

Mnanijua. Shule niliacha darasa la sita, nikabeba magunia, leo nina yadi ya makontena Changamwe! Hakuna aliyenishika mkono. Ndivyo nilivyojisifu, na hata sasa ulimi wanivuta.

Pale yadini kuna kompyuta moja, seva, inayoshika majina na nywila za wafanyakazi wote. Bila hiyo hakuna anayefungua chochote. Jumatatu asubuhi stima ilikatika, seva ikazima ghafla. Ilipowaka tena, daftari lake la majina lilikuwa limeharibika. Makarani wakaandika nywila, ikakataa. Mimi mwenye yadi, ikanikataa! Malori yakajaa hadi barabarani. Mteja wangu mkubwa akasema makontena yake yasipotoka kufikia kesho, anahama. Akihama, sina yadi.

Niliizima na kuiwasha mara saba, nikazidi kuiharibu. Nikaenda nyuma ya makontena nikalia kama mtoto. Niliomba, mbingu kimya! Nikaona miaka yangu yote imekwenda bure.

Akaja fundi wetu, Bi Mwanaisha wa Mishomoroni. Kila Ijumaa akiondoka na nakala ya seva kwenye diski ndogo mkobani nilikuwa nikimkejeli: "Leo umebeba sambusa ngapi?" Sasa akaniuliza, "Bosi, betri ya akiba ya kushika seva stima ikikatika iko wapi?"

"Iliharibika."

"Wallahi usinifiche. Kama betri ilikuwapo, basi si stima, diski ya seva ndiyo imekufa, tutangoja nyingine wiki nzima. Kama haikuwapo, ni stima tu, narudisha nakala leo."

Ndugu zangu, nilimdanganya. Betri ile ndiyo niliyoileta hapa kanisani kuendesha vipaza sauti! Mlinipigia makofi, nikasema nimenunua mpya. Uongo! Niliing'oa kwenye seva.

Nikamwambia yote.

"Haya, bosi," akasema. "Ungesema asubuhi, saa hizi tungekuwa tushamaliza."

Alasiri majina yakarudi, isipokuwa ya makarani wawili walioajiriwa Jumamosi, baada ya nakala ya Ijumaa. Kontena la kwanza likatoka getini, nikalia tena.

Namshukuru Mungu, na Bi Mwanaisha pia. Betri naichukua leo, mnisamehe. Na wewe uliyekaa hapo na neno lako moyoni, usiende kulia peke yako kama mimi. Mtegemee Yesu, uliseme. Amenipokea mimi na maringo yangu yote, wewe atakuachaje?