Mkwaruzo wa Redio ya Mzee Tsofa

Mzee Tsofa Gunga alizaliwa Rabai tarehe 14 Agosti 1951. Alisoma huko huko hadi 1966. Mwalimu alimchapa kwa kuifungua redio ya shule, lakini alipoirudishia ilisikika vizuri kuliko awali.

Mwaka 1972 alianza ufundi wa redio na televisheni Makadara, akaufanya miaka arobaini na mitatu. Kukaa kitako hakukujua. Hata kwenye harusi ya watu, spika ikikoroma, yeye keshainuka na bisibisi.

Tarehe 8 Desemba 1979 alimwoa mama yetu, Nyevu. Walihamia Ganjoni, wakajaliwa Arnold na mimi, Kadzo.

Hapa sina budi kusema, maana aliniusia niseme. Redio ya nyumbani ilikuwa ikikwaruza, televisheni ikipiga chenga, na mara nyingi wakati wa taarifa ya habari. Baba akaapa ni cherehani ya umeme ya jirani wa chini, Bi Sheikha. Aliyetumwa ni mimi: "Mwambie azime!" Akizima, Baba husema ameiwasha tena. Basi mama wa watu akachoka, akahama na kazi yake mwaka 2018, akawaacha wateja wake wote. Mkwaruzo haukuhama. Machi 2023 friji yetu, ambayo Baba aliitengeneza kwa mikono yake mwenyewe, ikafa. Redio ikatulia tuli. Lo! Fundi mzima! Baba alilia mbele ya redio ile, na bado hakwenda kuomba radhi. Aibu ilimzidi.

Januari 2025 figo zilianza kumsumbua. Wodini akaniambia, "Kadzo, nenda kwa Bi Sheikha. Sema kosa ni langu." Nikamjibu, "Kesho, Baba." Kila siku kesho. Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni, nami sijaenda. Nafsi inanisuta.

Ameacha mjane, Nyevu, watoto wawili na wajukuu watano. Bi Sheikha yuko pale nyuma. Jana alikuja kutupa pole, na kabla sijafungua mdomo akanikabidhi shuka hii nyeupe iliyofunika jeneza. "Nimeishona kwa cherehani ile ile," akasema.

Bi Sheikha, mbele ya watu wote hawa: kosa lilikuwa la Baba, na la kuchelewa ni langu. Tuwie radhi, mama.

Baba, ujumbe umefika. Pumzika sasa.