Mashamba Arobaini ya Generoza Mahona

Wasikilizaji wapendwa, wa Bariadi na Nkoma, mwangaluka. Leo tunamkumbuka Generoza Mahona wa Nkoma, mwanatakwimu, aliyetutoka kwa malaria mwezi uliopita. Tangu nipate habari hizo, mimi mwenyewe sijatulia kitini.

Generoza alikuwa kiguu na njia. Hata kanisani alikaa karibu na mlango. Dada yake, Mektilda, anasema, "Ukimwambia jambo lolote, atakuuliza: umejuaje?"

Miaka mitatu iliyopita, mwaka 1996, alikuwa chuo kikuu, Dar es Salaam, akisomea shahada ya uzamili ya takwimu. Huku kwetu ushirika ulikuwa umeyumba, wanunuzi binafsi wamejaa vijijini, na dawa ya pamba haikopeshwi tena. Huyu anasema mavuno yamepanda, yule anasema yameshuka. Generoza alitaka kujua. Akaorodhesha wakulima wote wa kijiji chao, akapiga kura, yakatoka mashamba arobaini. Mashamba arobaini, wasikilizaji, ya kura tupu. Kisha akarudi darasani, na kazi ya kupima mavuno akamwachia baba yake, mzee Mahona.

Daftari la vipimo lilipomfikia, mavuno yalikuwa mazuri mno. Roho ikakataa. Akapanda basi hadi Nkoma. Milembe, mjane ambaye jina lake lilitoka kwenye kura, akampokea kwa swali: "Mayu, mama yangu, mlinichagua, mbona hamkuja kupima kwangu?"

Mzee Mahona alikuwa ameruka mashamba kumi na moja, yote ya wanyonge, akapima ya majirani wenye pamba nzuri.

"Mgeni anapelekwa kwenye shamba lenye magugu?" alimuuliza bintiye. "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

"Baba, hao kumi na mmoja ndio waliokosa dawa. Ukiwatoa, nitaandika kwamba hakuna aliyekosa."

Angeweza kunyamaza. Tasnifu ilikuwa inakaribia kukabidhiwa, ufadhili unaisha, na baba ni baba. Mektilda anakumbuka: "Alizunguka ua mpaka kuku wakamkimbia." Mwishowe akasema liwalo na liwe, akamwandikia profesa wake ukweli wote.

Ufadhili ukakatika. Miti ya pamba ilikuwa imeshang'olewa na kuchomwa, ikabidi asubiri msimu mwingine. Akawa anafundisha sekondari Bariadi, na msimu ulipofika akapima mwenyewe mashamba yote arobaini. Mavuno yalikuwa yameshuka. Shahada aliipata mwaka jana, miaka miwili nyuma ya wenzake. Aliishi nayo miezi kumi tu.

"Miaka miwili ile niliichukua mimi," mzee Mahona aliniambia msibani. Nikamuuliza kama nifiche jina lake hewani. Akatikisa kichwa. "Litaje. Generoza asingelificha."

Pole sana, mzee wangu. Pole Mektilda, poleni wana Nkoma. Mungu ampumzishe. Nasi tuliobaki tujiulize: ni nyumba ya nani tumeiruka kwa kuona aibu?