Pale Alipochomelea Palikuwa Pazima

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote nawasalimu. Naomba leo msiharakishe kuitikia Amina. Mwaka juzi nilisimama hapa hapa nikasema Mungu ameniokoa kwenye ajali, mkaitikia mpaka mabati yakatetemeka. Ushuhuda ule ulikuwa na uongo ndani yake.

Mnajua mimi ni fundi magari. Nilikuwa na kigari cha michezo, cha zamani, milango miwili, nikakipenda kupita kiasi. Nikapata injini kubwa pamoja na giaboksi yake, nikapachika. Lakini ndugu zangu, nawaambia, injini haizungushi tairi yenyewe. Nguvu inapita kwenye klachi, giaboksi, lile bomba refu la chini ya gari tunaloita propela, ndiyo ifike kwenye difu kule nyuma, inayozungusha tairi. Ukiongeza injini, uimarishe vyote. Klachi niliweka ya nguvu, difu nikabadilisha. Propela nene niliagiza, ikachelewa. Na Jumamosi ile dada yangu mdogo alikuwa anaolewa Chamwino, na mdomo wangu huu ulishatangaza kwamba bibi harusi atapanda gari langu. Sifa zitaniua mimi.

Nikachukua propela ya zamani, ambayo kwa giaboksi mpya sasa ilikuwa fupi, nikampelekea rafiki yangu mchomeleaji airefushe. Akaigongagonga, akatikisa kichwa.

"Kaka, hili bomba jembamba. Kwa injini hiyo halifai."

Nikambembeleza kutwa nzima. Mwishowe akachomelea, kwa sharti. "Uende mwendo wa maharusi. Usikanyage mafuta mpaka ile nene ije."

Nikaapa.

Tulipotoka kanisani, tarumbeta mbele, vigelegele kila upande, vijana wanapiga kelele, "Fundi, tusikie!" Ndugu zangu, nikakanyaga. Kikalia kishindo chini ya gari, propela ikachimba lami, gari likaingia mtaroni. Mimi nilichubuka tu. Dada yangu alivunjika mguu akiwa na shela lake. Harusini kwake hakucheza hata wimbo mmoja.

Nilipoivuta ile propela niliikagua. Pale alipochomelea palikuwa pazima kabisa. Bomba ndilo lililojisokota, kama nguo inayokamuliwa. Niliona kwa macho yangu, nikaiuza chuma chakavu. Halafu nikaja hapa, nikasema, "Uchomeleaji uliachia." Jina sikutaja, lakini nani hakujua? Wateja wakamkimbia. Akafunga kibanda, akarudi kwao Mlali kulima.

Mimi niliendelea na kazi, lakini usingizi uliniisha na chakula kikanishinda. Siku moja dada yangu akaja gereji, anachechemea, akaniuliza taratibu, "Kaka, unafikiri sikukuona? Nilikaa pembeni yako. Ulikuwa unacheka wakati unakanyaga." Nikalia mbele ya wateja. Kesho yake nikaenda Mlali.

Nilimkuta anapalilia alizeti. Nikapiga magoti pale pale shambani, nikamwambia yote. Akasema, "Najua. Kazi ya mkono wangu naijua."

"Sasa mbona hukusema?"

"Wewe ulisemea kanisani, kaka. Mimi ningesemea wapi?"

Hakunifukuza. Alinipa maji ya kunywa, akaniambia amenisamehe. Tangu siku hiyo nalala. Lakini kibanda chake mpaka leo kimefungwa, na hilo linaniuma, sitawaficha.

Namshukuru dada yangu, aliyeniambia ukweli bila kunitukana. Namshukuru huyo rafiki. Na ninyi, chukueni hili kwa fundi aliyeumia: kabla hujaongeza nguvu, angalia kwanza kinachoibeba. Sifa zangu zilikuwa kubwa, ukweli wangu ulikuwa bomba jembamba.

Nilimwomba aje leo, akakataa. Alisema, "Nenda ukaseme. Ukimaliza nipigie, uniambie waliitikia nini."

Simu ninayo hapa mkononi. Sasa, ndugu zangu, nikamwambie mmeitikia nini?