Bi. Amisa Bakiri na Jirani Yake wa Ghorofa ya Nne

Leo Jumapili, tarehe 19 Agosti 2007, tumekusanyika hapa Mayfair, Johannesburg, kumsomea hitma marehemu Bi. Amisa binti Bakiri Al-Maskari. Kabla ya dua, familia imeomba maisha yake yaelezwe kwa ufupi.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Mei 1955 mtaa wa Gongoni, mjini Tabora. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Bakiri, Mwarabu mwenye duka la vitambaa, na Bi. Mwajuma, Mnyamwezi wa hapo hapo mjini. Alisoma madrasa na shule ya msingi Tabora, akamaliza darasa la saba mwaka 1969. Kushona alijifunza barazani kwa baba yake. Barazani hapo pia, kama alivyosimulia mwenyewe, ndipo aliposikia kwamba Myahudi ni mtu wa njama na hamtakii Mwislamu jema. Tabora nzima hakumjua Myahudi hata mmoja.

Mwaka 1978 alikwenda Morogoro kushona sare katika kambi ya wapigania uhuru wa Afrika Kusini. Huko alikutana na seremala Vusumuzi Radebe, ambaye alisilimu na kuitwa Mussa. Walifunga ndoa tarehe 12 Januari 1980, wakajaliwa watoto wawili, Lindani na Thandeka. Oktoba 1994 familia ilihamia kwa kina Radebe, Soweto. Mwaka 1996 wakapanga fleti Berea, ghorofa ya nne.

Wiki ya kwanza, marehemu akiwa kwenye lifti na Thandeka, aliingia bibi wa Kizungu na mbwa mdogo. Marehemu akamwambia mwanawe kwa Kiswahili, "Sogea huku, mbwa wa huyu Mzungu asije akakung'ata."

Yule bibi akajibu, "Imbwa yangu haiume, mama."

Huyo alikuwa Madame Brigitte Hasson, Myahudi aliyezaliwa Lubumbashi, Kongo, mwaka 1932, mjane, aliyeondoka huko baada ya serikali kuchukua duka la mumewe. Alimuuliza marehemu anatoka wapi. Aliposikia "Mwarabu wa Tabora," alikumbatia pochi yake. Naye marehemu alipoona kikasha kidogo cha maandiko ya dini yao kilichopigiliwa kwenye mwimo wa mlango wa jirani yake, alikichukulia kuwa ni hirizi, akawakataza watoto wasipite karibu. Waliishi hivyo miaka mitatu, wakipeana salamu tu.

Mzee Mussa Radebe alifariki tarehe 9 Juni 1999. Siku ya pili ya msiba Madame Brigitte alileta sahani ya mayai ya kuchemsha. Wanawake waliokuwepo walisema ni uchawi, yatupwe. Marehemu hakuyatupa. Aliyabeba mpaka mlangoni kwa jirani, akauliza, "Madame, haya mayai ni ya nini?"

"Kwetu mufiwa anakulaka yai," alisema Madame Brigitte. "Yai haina kinywa. Na mufiwa vile vile, hana neno ya kusema."

Marehemu alimenya yai moja akalila pale pale, amesimama.

Kuanzia mwaka uliofuata walishona pamoja sebuleni kwa Madame Brigitte. Marehemu alishona kanzu na mabuibui ya wateja wa Mayfair, mwenzake nguo za harusi za Mayahudi wa upande wa kaskazini mwa jiji. Aprili 2002, habari za vita vya Palestina zilipozidi, wateja kadhaa wa Mayfair walimwambia marehemu kwamba hawawezi kuvaa kanzu iliyokatwa nyumbani kwa Myahudi. Wiki ile ile mpwa wa Madame Brigitte alimtaka shangazi yake amfukuze Mwarabu. Wawili hao walipoelezana waliyoambiwa, mwanzoni walicheka. Kisha kila mmoja akaanza kuwatetea watu wake, na kicheko kikaisha. Marehemu alimwita Placide, mlinzi Mkongo wa jengo lile, akahamishia cherehani yake fletini kwake. Hawakusemezana kwa miezi minne.

Agosti mwaka huo walikuja wanaume waliokuwa wakipora majengo ya Berea. Waligonga kwa Madame Brigitte, wakamwamuru atoke, fleti imepata mwenyewe mpya. Marehemu alisikia, akatoka, akasimama mbele ya mlango ule na kuwajibu kwa Kizulu alichojifunza kwa wakwe zake.

Mmoja akamuuliza, "Huyu mlungu, huyu Mzungu, ni nani wako?"

"Ni jirani niliyegombana naye," alisema marehemu. "Ugomvi wetu bado haujaisha, kwa hiyo haendi popote."

Kwa maelezo ya Placide, aliyepanda mbio akaukuta mzozo, marehemu hakusogea hata hatua moja. Milango mingine ya korido ilifunguliwa, wapangaji wakatoka, na wale wanaume wakashuka. Kesho yake cherehani ilirudishwa. Baadhi ya wateja walirudi pia, wengine hawakurudi kamwe.

Juu ya vita vyenyewe, wawili hao hawakuwahi kukubaliana.

Marehemu aligundulika kuwa na kisukari mwaka 2003. Mwishoni mwa 2006 figo zilianza kushindwa kazi, akawa anakwenda kusafishwa damu, Madame Brigitte akimsindikiza kwa fimbo yake. Alilazwa tarehe 30 Julai mwaka huu. Siku chache kabla ya kufariki, akilishwa uji, alisema, "Brigitte, kule kwenu bado hamjatenda haki."

"Na nyinyi vile vile," mwenzake akamjibu. "Fungua kinywa."

Alifariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 16 Agosti 2007, akazikwa siku hiyo hiyo alasiri. Wakati wanawake wakimwosha, Madame Brigitte aliketi kwenye kiti nje ya mlango, kwa kuwa kazi ile ni ya Waislamu. Thandeka, ambaye humwita Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, alimkuta anapasua ukosi wa blauzi yake kwa mkono.

"Gogo, mbona unaharibu nguo?"

"Kwetu tunapasulaka nguo kwa ndugu ya damu tu."

"Lakini mama hakuwa ndugu yako wa damu."

"Najua," alisema Madame Brigitte. "Usiambie rabi."

Marehemu ameacha watoto wawili, Lindani na Thandeka, wajukuu watatu, mdogo wake wa kiume, anayewasomea wasifu huu, wifi zake wa Soweto, na Madame Brigitte Hasson, ambaye kwa uamuzi wa familia nzima ametajwa hapa pamoja na ndugu, si pamoja na majirani.

Mola ampokee kwa rehema zake, naye apate kupumzika kwa amani.