Mzee Shimo na Kindi wa Ng'ambo

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika Idara ya Wanyamapori, mtunza ramani wetu anastaafu tarehe 30 Juni. Wote tunamwita Mzee Shimo, kwa kuwa nusu ya utumishi wake aliimaliza amelala kifudifudi, akichungulia mashimo ya kindi wa ardhini.

Kindi huyu si wa mitini. Huchimba nyumba yake kwenye ardhi kavu, maji hayapendi, na kwa mujibu wa ramani ya ofisi eneo lake la asili, lililopakwa kijani, linaishia mtoni. Kila aliyedai kumwona ng'ambo, Mzee alimjibu kwamba kindi wa kusikia hana mkia. Kisha alikwenda kukagua mwenyewe, akarudi na penseli yake ya kijani bila kuitumia. Hata mkurugenzi aliwahi kuambiwa kwamba alichokiona ni nguchiro.

Mwaka jana lililetwa tingatinga kusawazisha uwanja ulio nyuma ya karakana, penye mashimo tele. Mzee alilalamika, hakusikilizwa. Siku ya kazi ilipofika, mashimo yalikutwa matupu. Sisi hatumshuku mtu, ila lisemwalo lipo. Dereva wetu anaapa kwamba wiki ile mkoba wa Mzee “ulikuwa unajikuna wenyewe.” Mkewe naye alishangaa mume asiye na magego ananunua karanga za nini. Mwezi uliofuata kindi wakaonekana ng'ambo. Wapi hasa? Nyuma ya nyumba mpya ya Mzee. Na yeye, asiyewahi kuamini kindi wa mtu, hawa aliwaamini papo hapo.

Si jambo la kucheka tu. Kanuni ya idara ni kwamba kindi wa asili huachwa, lakini aliyeletwa na mtu hutegwa na kuuawa. Mwenye kuamua ni mtunza ramani, na tangu juzi, Mzee aliponikabidhi ramani, mtunza ramani ni mimi. Nilivuka mto, nikalala kifudifudi kama alivyonifundisha. Mlangoni pa shimo palikuwa na watoto watatu wa kindi wakinikodolea macho. Nilipoinuka, Mzee alijifanya anatazama mawingu.

Nampenda mzee huyu, na simwamini hata chembe. Ng'ambo nimeipaka kijani.

Ahsante kwa kazi yako, Mzee wetu. Tunakutakia afya njema na maisha marefu yenye utulivu, na tunakuomba jambo moja tu: usihame tena.