Mwalimu Asteria Mashauri na Maswali ya Masaki

Marehemu Mwalimu Asteria Mashauri alizaliwa tarehe 9 Agosti 1981 Sengerema, mkoani Mwanza, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Adam Mashauri na Mama Helena. Mwaka 1988 baba yake, aliyekuwa bwana mifugo, alihamishiwa Kibaha, na familia nzima ikahamia huku. Mama anasema kumlea Asteria ilikuwa kazi ya kujibu. Siku moja jikoni aliuliza, “Mama, mbona wali unavimba na sufuria haivimbi?” Mama akamwambia akaoshe vyombo.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapa Kibaha, kisha akahitimu shahada ya ualimu mwaka 2006. Mwaka 2008 alifunga ndoa na Ndugu Silvanus Laurean, na Mungu akawajalia mapacha, Kulwa na Dotto.

Alifundisha Biolojia Kibaha kwa miaka kumi, na mwaka 2018 akahamishiwa shule ya sekondari ya kata huko Masaki, wilayani Kisarawe. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, kwa hiyo alitumia yake. Aligawa kadi za karatasi zenye alama. Kila mwanafunzi aliinua kadi ya jibu lake, yeye akazipitishia kamera ya simu, na majibu ya darasa yakatokea ukutani kwa projekta, bila majina. Waliokuwa wakiogopa kuchekwa wakaanza kujibu. Alianzisha pia kundi la WhatsApp na walimu wenzake wa Kibaha, ili madarasa ya pande zote mbili yaulizane maswali.

Haikuwa rahisi. Mwaka 2021 alirusha mtandaoni video ya binti aitwaye Hajira akieleza ugonjwa wa mihogo. Baba yake, Mzee Mwishehe, alifika shuleni amekasirika.

“Mwalimu, mwanangu anaangaliwa na watu nisiowajua. Nani kakuruhusu?”

“Hakuna, mzee wangu. Nimekosea,” alijibu, akaifuta video mbele yake. Kesho yake alipanda bodaboda hadi nyumbani kwa mzee kumwomba radhi mama wa binti pia. Mkuu wa shule alisimamisha kazi zote za mtandaoni mpaka wazazi wakae. Kwenye kikao, Mzee Mwishehe ndiye aliyesimama na kusema, “Aendelee, ila sura za watoto zisionekane.” Tangu hapo Masaki ilisikika kwa sauti na kuonekana kwa mikono tu.

Mwaka 2023 iligundulika kuwa figo zake zimeshindwa kufanya kazi, akaanza kusafishwa damu kwa mashine hospitalini Dar es Salaam. Alirudi nyumbani Kibaha, lakini darasa hakuliacha. Mwalimu Fadhila, aliyeshika vipindi vyake, alikuwa akiwawekea wanafunzi sauti alizorekodi kwenye spika. Mmoja aliuliza, “Mwalimu, hiyo mashine inajuaje uchafu ni upi na damu ni ipi?” Asteria akamuuliza muuguzi, akaomba ruhusa, akarekodi mashine peke yake, na somo la figo likafundishwa kutoka kitandani kwake. Silvanus alimsihi apumzike. Akamjibu, “Baba Kulwa, hata mimi nilikuwa sijui.”

Wiki yake ya mwisho, mwanafunzi aitwaye Said alituma swali kupitia simu ya Mwalimu Fadhila: “Mtoto aliye tumboni, damu yake inasafishwa na nani?” Asteria alicheka hadi akakohoa. Akajibu kwa sauti: “Said, jibu ninalo ila sikupi. Tafuteni nyinyi, mniletee Jumatatu.”

Alifariki dunia Jumapili, tarehe 18 Mei 2025, alfajiri, mumewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mume, watoto wawili, wazazi wote wawili, mdogo wake Brighton anayesoma wasifu huu, na wifi yake Bertha.

Jumatatu, mkuu wa shule alitangaza msiba mstarini. Kidato cha tatu wakamwomba Mwalimu Fadhila awarekodi hivyo hivyo. Silvanus aliisikiliza rekodi hiyo pamoja na mapacha, Said akisema: “Mwalimu, tumepata. Uchafu wa mtoto unapita kwenye kondo la nyuma, unaingia kwenye damu ya mama. Figo za mama ndizo zinazomsafishia, mpaka azaliwe.”

Dotto aliomba irudiwe.

Mungu ampokee mwalimu wetu, ampe pumziko jema.